Maziwa ya Upande wa Coral

Neville Schirmer alikutwa ameanguka jikoni, povu mdomoni, kikombe kimevunjika ubavuni pake. Alikuwa bado anapumua, kwa shida. Gari la wagonjwa likamkimbiza hospitali ya mji wa Whyalla, kusini mwa Australia.

Inspekta Lorraine Pascoe alibaki na mkewe, Coral. Mke wa karatasi tu, maana walikuwa wametengana mwaka mzima. Nyumba ilikuwa haijauzwa na kupanga kwingine ni ghali, basi wakabaki humo humo, kila mtu na chumba chake. Hata friji waliigawa kwa utepe mwekundu: kushoto Coral, kulia Neville.

Pascoe hakutulia. Alifungua friji, akafunga, akaenda dirishani, akarudi. Nje upepo wa vumbi uligongagonga mlango wa wavu.

"Nani alimpa chai?"

"Alijitengenezea. Mimi sigusi vitu vyake."

"Hata chai?"

"Wakili alikataza. Nisimpikie, nisimfulie."

"Na kikombe hiki cha dirishani?"

"Changu. Nilikwenda kwanza kumwagilia nyanya, nikasikia kishindo."

Kilikuwa kimejaa, hakijaguswa. Pascoe akachukua vikombe na chupa ya maziwa ya upande wa kushoto wa friji.

Alasiri majibu ya maabara yakaja. Sumu ya kuulia wadudu ilikuwa kwenye kikombe cha Neville na kwenye maziwa ya Coral.

"Nikamlete yule mama?" Konstebo Tran alishasimama. "Mafao ya kustaafu ya mumewe yanagawanywa kati yao wiki ijayo. Jamaa akifa leo, mama anabeba yote."

"Kaa chini, Tran. Kikombe cha dirishani je?"

"Nacho kina sumu."

"Sasa nani anajitilia sumu kwenye chai yake?"

"Labda anatuzuga."

"Labda. Twende tukamuulize."

Coral aliwafungulia mlango, macho mekundu.

"Chai ulitengeneza wewe," Pascoe alisema. "Vikombe vyote viwili, kwa maziwa yako."

Coral alikaa. Alisugua meza kwa kiganja, mahali pasipo na doa.

"Kila asubuhi namwekea mlangoni pake. Hatusemezani. Naweka, naondoka. Leo maziwa yake yalikuwa yameisha, nikamtilia yangu."

"Mbona ulificha?"

"Wakisikia nampikia chai, si watasema bado ni mume na mke? Nusu yangu ya mafao nitaisubiri mpaka lini? Nina miaka hamsini na nane, Inspekta. Sina akiba hata kidogo kwa jina langu."

Pascoe alitoka mbio kwenda kwenye banda la zana la Neville, nyuma ya nyumba.

Neville alizinduka siku ya tatu, Pascoe akiwa kando ya kitanda chake hospitalini. Sauti ilimtoka kama mtu aliyemeza mchanga.

"Kanimaliza yule mwanamke. Mkamateni."

"Mkebe wa sumu tumeukuta bandani kwako. Una alama za vidole vyako. Chupa yake ya maziwa nayo ina alama zako. Ulifuata nini upande wake?"

"Mimi nakunywa maziwa yangu."

"Yako yaliisha, bwana. Chupa tupu tumeiona kwenye takataka. Coral hakutaka ukose chai, akakumiminia yake."



"Yake," Neville alisema.

"Kwa nini, Neville?"

"Miaka thelathini nachomelea vyuma. Macho yamekwisha, mgongo umekwisha. Nikajiambia, nikistaafu nitanunua karavani, nyumba ya kuvutwa na gari, niende zangu kaskazini. Halafu naambiwa nusu ya mafao ni ya Coral. Coral hajawahi kushika hata nati."

"Watoto wanne alilea nani?"

"Wakili wake aliuliza hivyo hivyo." Alikohoa. "Nikaona akifa kabla hatujasaini, hakuna cha kugawana. Basi. Ndiyo hivyo."

"Uko chini ya ulinzi, kwa kujaribu kuua."

Pascoe alikuwa ameshika kitasa Neville alipouliza, "Coral anajua?"

"Hajui. Yuko hapo nje tangu asubuhi, anauliza kama umekula. Ndiyo natoka kumwambia."