Kipimo cha Mdomo na Kipimo cha Daftari

Fundi cherehani alikuwa na vipimo viwili kwa kila mteja. Kimoja cha mdomo, kimoja cha daftari.

Mteja mnene akisimama mbele yake, fundi alimzungushia futi kiunoni, akatazama namba, akasema kwa sauti, "Thelathini na sita, shoga." Kisha aligeuka, akaandika arobaini na mbili. Gauni lilimkaa mteja vizuri, na mteja akaondoka kifua mbele. Nusu ya wanawake wa mtaa ule waliamini wana viuno vya nyigu. Kwa adabu hiyo, fundi hakukosa kazi miaka ishirini.

Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Cherehani ilikaa dirishani, pasi mezani, na makopo ya vifungo yalipangwa juu ya kabati. Mume wake alikuwa fundi bomba. Alizibua mabomba ya watu wote, isipokuwa la jikoni kwake, ambalo lilidondosha maji tangu binti yao mkubwa aolewe. Binti sasa alikuwa na watoto watatu.

Miaka miwili nyuma, fundi alikatwa titi la kushoto. Ilikuwa saratani. Alipofunguliwa bandeji, aliutazama ule mshono muda mrefu, kisha akamwambia mumewe kwamba mwanafunzi wake akishona hivi, humwambia afumue. Mume alicheka huku anafuta macho. Fundi akajishonea kifuko kidogo, akakijaza vitambaa laini, akakivaa ndani ya sidiria. Hakuna mteja aliyejua lipi ni titi na lipi ni kitambaa.

Kisha vikaja vidonge. Kidonge kimoja kila siku, kwa miaka mitano. Na pamoja na vidonge ikaja fomu.

Fomu ile ilitoka kwa nesi mmoja wa kliniki. Kazi yake ilikuwa kufuatilia wanawake thelathini waliokuwa wakimeza vidonge hivyo vya homoni. Alitaka kujua wanaishije. Kila siku ilikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na visanduku. Umemeza kidonge? Umetembea nusu saa? Umelala vizuri? Umekula mboga na matunda? Umekaa mbali na sigara na pombe? Chini kabisa palikuwa na nafasi ya kuandika maumivu. Mgonjwa aweke alama ya vema kila siku, na baada ya miezi mitatu alete fomu.

Mwanzoni fundi alimeza na kuweka vema. Lakini mwaka wa pili vidole vilianza kukakamaa. Asubuhi havikukunjika. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua muda wa kupika chai. Tena joto lilimpanda ghafla, akalowa jasho mbele ya wateja, na mteja mmoja akamuuliza kama anashona au analima.

Ikaja kazi ya sare za shule, sare mia na themanini. Fundi akajiambia atavipumzisha vidonge wiki moja, vidole vifunguke. Vilifunguka kidogo. Wiki ikawa mwezi. Mwezi ukawa miezi minne. Vidonge alivitia ndani ya kopo la vifungo vyeupe, akalifunika.

Siku moja mumewe alitafuta kifungo cha shati. Akarudi na kopo mkononi.

"Mke wangu, hivi navyo vinashonwa wapi?"

Fundi akamwambia nesi anajua, na kwamba amepewa ruhusa ya kupumzika. Mume aliliweka kopo mezani polepole. Hakuuliza tena.

Asubuhi ya kliniki, fundi alikaa kwenye benchi la nje na fomu tupu mapajani. Kando yake alikaa mpishi wa shule, mwanamke mkubwa wa mwili na wa kicheko. Walikatwa titi mwaka mmoja, na kwenye benchi lile walishakuwa kama ndugu. Mpishi alimwambia kwamba wao wawili wakikaa pamoja wanatimiza matiti ya mtu mmoja. Siku hiyo naye alikuwa na fomu tupu.

"Nipe kalamu yako ya bluu," mpishi alisema. "Yangu nyeusi. Tukibadilishana, siku hazitafanana."

Wakajaza vema miezi mitatu kwa dakika kumi. Kwenye nafasi ya maumivu wote wawili waliandika "hakuna". Fundi alisita kidogo, lakini mpishi akamwambia yule nesi ni mtoto mzuri, na ana furaha akiona fomu imejaa, kwa nini wamkate maini? Fundi aliona ni adabu tu. Alifanya hivyo kila siku na viuno vya watu.

Nesi alizipokea fomu, akawapongeza. Wakarudi nyumbani wakicheka.

Baada ya miezi miwili mpishi alikuja karakana na gauni lake la maua. Alitaka lipunguzwe. Fundi akalipunguza. Baada ya wiki tatu alilileta tena. Mara ya tatu aliingia ameshika ukuta, akaomba kiti kabla ya salamu.

Fundi alimzungushia futi. Futi ikapita, ikaendelea kupita. Mwili uliokuwa ukijaza mlango sasa ulikuwa mifupa ndani ya kitambaa.

"Thelathini na nane," fundi alisema kwa sauti. Safari hii adabu ilikuwa ya kuongeza. Akageuka, akaandika ishirini na saba.

"Nisomee la daftari," mpishi alisema.

Fundi akalifunika daftari kwa kiganja.

"Mimi nimepika kwenye masufuria makubwa miaka yote. Najua chombo kilichopungua. Soma."

Fundi akasoma. Mpishi akatikisa kichwa, kama mtu aliyesikia namba aliyoitegemea. Kisha akaeleza, bila haraka, kwa sababu pumzi haikutosha kwa haraka. Mgongo ulimuuma muda mrefu na alinyamaza. Walipompiga picha, walikuta saratani imerudi, imekaa kwenye mifupa na kwenye ini.

"Daktari akatazama fomu zangu," mpishi alisema. "Akaona vema tupu. Akasema, mama, kidonge hiki kimeshindwa kukulinda, tutakiacha, tutafute kingine. Akaandika hivyo kwenye faili. Kidonge hakikushindwa, mwenzangu. Nilikiacha miezi kumi. Kiko ndani ya gunia langu la mchele."

"Ukamwambia?"

"Mdomo ulikataa." Aliegemea kiti, akafumba macho. "Wewe umeacha tangu lini?"

Fundi alitaka kusema hajaacha. Aliangalia daftari, akaangalia futi iliyoning'inia shingoni.

"Miezi saba sasa."

"Basi usinisubiri mimi," mpishi alisema. "Wewe una miguu. Nenda ukaseme."

Gauni halikuvaliwa. Mpishi alikufa kabla fundi hajamaliza upande wa pili. Kwenye mazishi watu walisema mgonjwa yule alijitunza sana, alifuata kila alichoambiwa, lakini ndiyo hivyo. Fundi alisimama nyuma. Kila aliyemsifu marehemu alikuwa kama anamchoma sindano yeye.

Kesho yake alimweka mumewe chini, akamwambia kweli. Mume alisikiliza hadi mwisho.

"Miezi yote hii nalala na kopo la vifungo," alisema. Hakutabasamu. "Vaa viatu. Twende."

Kule kliniki, fundi hakutoa fomu. Alitoa daftari lake la vipimo. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa ameandika tarehe aliyoacha vidonge, siku ambazo vidole havikukunjika, na usiku aliokosa usingizi. Kutembea, karibu hakuna. Nesi alisoma mstari kwa mstari. Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa fomu za mpishi, akaziweka kando ya daftari.

Zilikuwa vema tupu. Fundi akanyoosha kidole kwenye wiki ya mwisho ya fomu ya mwisho, iliyoletwa baada ya ile ya benchini. Mpishi aliweka vema kwamba ametembea nusu saa kila siku, na siku hizo hakuweza kuinuka kitandani.

"Sikukagua," nesi alisema taratibu. "Nilifurahia fomu safi, sikumtazama mtu aliyeileta. Hilo ni langu, mama, nami nitalibeba."

Fundi akauliza swali alilolikwepa muda wote. Je, kidonge kile kinafanya nini hasa, ikiwa titi lenyewe limeshaondolewa?

Nesi alimweleza kwamba si kila saratani ya matiti hutibiwa kwa vidonge hivi, ila ya aina yake hulishwa na homoni za mwili wenyewe. Kisu huondoa uvimbe unaoonekana. Lakini chembe ndogo zinaweza kubaki, na mashine haizioni. Kidonge huzinyima ile homoni. Ukiacha, zikiwepo, zinapata chakula tena, kimya kimya.

"Sikudanganyi," nesi alisema. "Wapo wanaomeza kila siku na inarudi. Wapo wanaoacha na hairudi. Lakini anayeacha anaongeza hatari, na hatari hiyo haina kengele."

"Na vidole vyangu?"

"Maumivu ya viungo na lile joto yanajulikana. Ungeandika, daktari angekupa dawa ya maumivu au angekubadilishia aina ya kidonge. Kutembea nako hulegeza viungo, ndiyo maana tunauliza. Usiache mwenyewe. Na ukisahau siku moja, usimeze viwili kesho yake. Endelea na kimoja, utuambie." Akazigusa zile fomu. "Thelathini mnaniandikia hamna maumivu. Mimi naripoti juu kwamba hamna maumivu. Nani ataleta dawa ya maumivu ambayo hakuna anayeyasikia?"



Alipimwa damu, akapigwa picha, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Wiki mbili hizo alishona kola kwenye mikono na mikono kwenye kola. Mume alitengeneza bomba la jikoni bila kuombwa, na nyumba ikawa kimya kupita kiasi.

Majibu yalipotoka, daktari alisema hakuna kilichoonekana. "Kwa sasa," akaongeza. Fundi akalisikia hilo neno kuliko mengine yote. Akabadilishiwa kidonge, akapewa na dawa ya maumivu ya siku mbaya. Kila asubuhi alitembea na mumewe hadi mwisho wa barabara na kurudi, yeye mbele, mume nyuma analalamikia magoti. Baada ya miezi mitatu uzi uliingia kwenye sindano mara ya tatu au ya nne, si mara ya ishirini. Joto halikuisha. Hofu nayo haikuisha. Kila mgongo ukiuma alikumbuka mgongo wa mpishi.

Siku ya kliniki alileta fomu yenye visanduku vitupu tisa. Kidonge alisahau siku mbili. Siku saba hakutembea. Na ile nafasi ya maumivu ilijaa hadi pembeni. Nesi aliisoma yote, kisha akamwangalia usoni, akaanza kumuuliza.

Alipotoka alikaa kidogo kwenye benchi, upande uleule wa zamani. Kando yake palikuwa na mwanamke mgeni, kitambaa kichwani, fomu tupu mapajani, anapekua mkoba kwa haraka.

"Dada, una kalamu ya rangi nyingine?"

Fundi alikuwa nayo, ya bluu, kifuani. Aliishika.

"Ninayo," alisema. "Lakini kwanza niambie, vidonge vyako umevificha wapi?"