Mama Anakaanga kwa Masikio

Jirani yetu, fundi viatu, anasimulia kwamba yeye ndiye aliyeokoa nyumba yetu. Anasema aliona moshi mweusi uani kwetu, mrefu kuliko nguzo ya umeme. Akatupa kiatu cha mteja, akaruka ukuta, akanyakua ndoo ya maji na kuuzima moto uliokuwa umeshafika mlangoni. Kila akisimulia, moto unakua. Juzi ulikuwa umefika kwenye paa.

Mimi ndiyo kwanza nilikuwa narudi kutoka bombani, na nilimwona. Hakuruka ukuta. Alipita mlangoni kama watu wote, tena akajikwaa. Wala nyumba haikuwaka. Ilikuwa kikaango cha kahawa kimeungua juu ya jiko la mkaa, basi.

Lakini moshi ulikuwa wa kweli, na nilichokiona kiliniuma. Mama alikuwa amekaa hatua tatu tu kutoka jikoni. Amekipa kikaango mgongo, anachambua punje mbovu kwenye ungo. Kahawa inateketea, yeye anaimba.

"Mama! Kahawa inaungua!"

Akageuka, akashtuka. "Inaungua? Si nimeiacha sasa hivi!"

Mama yangu anauza kahawa kwenye gereji iliyo mwisho wa mtaa. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Mafundi wanamwita Mama Kikombe. Anakaanga mwenyewe, anatwanga mwenyewe, anachemsha mwenyewe. Kila asubuhi anafikisha birika mbili kabla mafundi hawajavaa ovaroli zao. Kwa kazi hiyo nilisoma mpaka nikamaliza shule ya msingi. Mama huitaja kazi yake kama wengine wanavyotaja cheo.

Ila kwa miezi miwili birika zilikuwa zinarudi nusu. Nilipomsindikiza gereji, nilimwona fundi mkuu akionja kahawa, akikunja uso, kisha akiimwaga kisirisiri nyuma ya tairi. Mama naye alimwona.

"Sema tu, fundi," mama akamwambia. "Usinionee haya."

Fundi mkuu akafuta mikono kwa kitambaa chenye grisi. "Mama Kikombe, nakuheshimu kama mama yangu mzazi. Lakini kahawa yako siku hizi ni majivu. Vijana wanataka nimruhusu mtu wa kahawa ya pakiti achukue nafasi yako. Nimewaambia wasubiri mpaka mwisho wa mwezi."

Mama akabeba birika zake, tukarudi nyumbani.

Mimi ni mtu wa kutazama kuliko kusema. Nilikuwa nimemwona mama akitia maziwa yaliyochacha kwenye chai na kuinywa bila kushtuka. Siku ile ya moshi, jirani alipoondoka na ndoo yake, nilikaa karibu na mama.

"Mama, hupati harufu."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimeona."

Alipangusa ungo kwa kiganja, ingawa ulikuwa safi. "Tangu yale mafua yaliyonilaza," akasema. "Sabuni, vitunguu, kahawa, vyote kwangu ni kama hewa. Zamani pua ndiyo iliyoniambia kahawa imeiva. Sasa nangoja nione moshi. Usimwambie mtu, mwanangu. Mkaanga kahawa asiye na pua, watanicheka mpaka wachoke."

Sikumwahidi. Kesho yake nilimwambia mtu mmoja tu. Nyumba ya pili kuna mpangaji tunayemwita Dada Kiwanda. Anafanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, upande wa mashine za kukaangia. Alikuja Jumamosi, kitambaa kichwani na maganda ya kahawa bado kwenye mikono ya shati.

Mama akanitolea macho. "Umekwenda kunitangaza!"

"Hajakutangaza, mama," Dada Kiwanda akasema. "Ameniita nikutazame. Kwanza, zahanati umekwenda?"

"Kwa ajili ya pua?"

"Ndiyo, kwa ajili ya pua. Mafua yanaweza kuondoa harufu kwa muda, lakini wakupime wajue. Pili, mtu asiyepata harufu asiache moto na kugeuka. Moshi utamfikia kabla hajajua. Kaa unautazama, tena ukae nje, kwenye hewa. Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba. Haya, sasa nikaangie kidogo nione."

Mama akajaza kikaango mpaka juu. Akakoroga kwa mwiko. Punje za chini zilikuwa nyeusi wakati za juu bado zina rangi ya nyasi kavu. Moshi ulipotoka, akazimimina kwenye chungu na kufunika kwa sahani haraka.

"Mbona unafunika?" Dada Kiwanda akauliza.

"Harufu isikimbie. Ndivyo nilivyofanya siku zote."

"Siku zote pua ilikuwa inakuambia uziondoe mapema. Zikamalizikia kuiva humo chunguni. Sasa unaziondoa zimeshapita, halafu unazifunika. Punje ya moto huendelea kujikaanga yenyewe, mama. Ukiifunika, ni kama umeirudisha jikoni."

Mama akasema polepole, "Basi niache kazi. Pua sina, na moshi unanidanganya."

"Masikio yako je?"

"Masikio yangu? Namsikia huyu fundi viatu akikoroma ng'ambo ya ukuta."

"Si mimi," ikatoka sauti ng'ambo ya ukuta. "Ni mke wangu."

Dada Kiwanda akacheka mpaka akashika ubavu. "Yanatosha! Kahawa ikiiva hupasuka, na hupasuka kwa sauti. Tutengeneze chombo kitakachozigeuza punje sawasawa, wewe usikilize."

Fundi viatu alikuja na ndoo kuukuu ya bati na msumari. Dada Kiwanda akaikataa ndoo. "Bati la namna hii limepakwa madini juu yake ili lisishike kutu. Likipata moto mkali linaweza kutoa moshi wa sumu. Na kopo la rangi au la dawa ya wadudu pia hapana, hata ulioshe mara mia."

Tulipata kopo kubwa la maziwa ya unga, la chuma, lenye mfuniko wa chuma. Tulilichoma kwanza kwenye moto, nje, mbali na watu, mpaka maandishi yake yote yakaungua. Tukalisugua na kuliosha. Fundi viatu akalitoboa matundu madogo, madogo kuliko punje, ili moshi upate pa kutokea. Akapitisha fimbo ya chuma katikati, toka kitako hadi mfuniko, na kuukunja mwisho wake uwe mkono wa kuzungushia. Mkono akauvisha kipande cha mti usimchome mama. Tukapanga matofali huku na huku ya jiko, kopo likalala juu yake, juu ya makaa yaliyokolea, yasiyo na miali.

"Tia theluthi moja tu," Dada Kiwanda akasema. "Punje zinataka nafasi ya kupinduka. Halafu zungusha, usisimame."

Mama akazungusha. Fundi viatu naye akaanza kueleza jinsi alivyoruka ukuta. Alipofika kwenye ndoo ya maji, Dada Kiwanda akanyanyua kopo na kulifungua. Kahawa ilikuwa nyeusi tii.

"Zilipasuka lini?" mama akauliza.

"Huyu alipokuwa hewani juu ya ukuta."

Mama akamgeukia jirani. "Shemeji, nakupenda, lakini ukitamka neno jingine nitakukaanga wewe."

Tukaanza upya. Ua wote ulikuwa kimya. Kopo lilizunguka, punje zikisugua chuma kama mchanga. Dakika zikapita. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa amefumba macho.

Tak.

Mama akafumbua macho. Tak. Tak-tak. Kama vijiti vikavu vinavyovunjwa.

"Hiyo ndiyo mara ya kwanza," Dada Kiwanda akanong'ona. "Endelea. Ngoja sauti zipungue. Ukichelewa utasikia nyingine, nyembamba, za harakaharaka, kama chumvi kwenye mafuta ya moto. Huko usifike."

Sauti zikapungua. Moja. Kimya. Nyingine moja.

"Sasa!" mama akasema mwenyewe, wala hakuambiwa. Akashika kopo kwa matambara mazito, nikafungua mfuniko kwa koleo, punje zikamwagika kwenye ungo. Mama akapepeta kwa nguvu. Maganda yakaruka kwenye nywele zetu, na upepo ukazipoza punje mpaka zikashikika. Zote zilikuwa na rangi moja, ya udongo uliolowa.

Hakuna aliyefunika kitu. Zilipopoa kabisa tuliziweka kwenye kopo safi, mfuniko umelegezwa ili hewa yake itoke, zikalala siku nzima. Mama akatwanga za kutosha asubuhi moja tu.

Jumatatu fundi mkuu alikunywa akiwa amesimama. Akanyoosha kikombe kiongezwe.

"Umenunua wapi hii?"

"Sijanunua. Nimekaanga."

"Umebadilisha nini?"

Niliinama chini. Nilijua jinsi mama alivyotaka jambo lile lifichwe. Lakini mama alisimama wima mbele ya mafundi wote, birika mkononi.

"Pua yangu haipati harufu tangu mafua yale," akasema kwa sauti. "Nawategemea nyinyi mniambie inanukiaje. Kuiva kwake nakujua kwa masikio. Nani mwingine anataka?"

Hakuna aliyecheka. Vikombe vilinyooshwa. Fundi mkuu akamgeukia kijana wake: "Yule mtu wa pakiti mwambie asihangaike kuja."

Birika zote mbili zilirudi tupu, na zimekuwa zikirudi tupu mpaka leo. Zahanati wamemwambia mama harufu inaweza kurudi taratibu, asikate tamaa. Yeye haulizi tena itarudi lini.

Jana Dada Kiwanda alikuja uani, wenzake wawili wa kazini wakiwa nyuma yake. Mama alikuwa kwenye kopo lake, anazungusha.

"Mama, hawa hawaniamini kwamba unakaanga kwa masikio," Dada Kiwanda akasema. "Sisi tuna mashine na vipimo vya moto, masikio tumeyasahau. Msimamizi wetu amesikia habari zako, anaomba uje kiwandani siku moja utufundishe kusikiliza. Utakuja?"

Mama aliinua kidole kimoja, tunyamaze. Sikio lake lilikuwa limeinamia kopo. Punje ya kwanza ilikuwa imepasuka.