Nani Anamaliza Batri?

Jéthro ni karani katika ofisi moja mjini Kamina. Mke wake, Béatrice, anafundisha watoto wa darasa la pili. Nyumba yao iko karibu na reli. Siku treni ikipita, vikombe vinatetemeka juu ya meza.

Mama yake Jéthro, Mama Kyabu, anaishi nao. Mwezi wa tano aliteleza akiwa anabeba maji, akavunjika paja. Hospitalini walimtunza vizuri, na mfupa ukaunga. Lakini daktari alimwambia Jéthro:

"Sasa mguu unapaswa kujifunza tena kutembea. Umulete hapa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa mbili ya asubuhi, kwa mazoezi. Akikosa mara nyingi, goti litakauka."

Mama Kyabu hakuweza kukaa kwenye pikipiki, wala kwenye baiskeli. Mguu haukukunjika. Kwa bahati nzuri, Jéthro alikuwa na gari ndogo ya zamani. Alimlaza mama yake kidogo kwenye kiti cha mbele, na wakaenda polepole.

Shida ilianza Jumatatu moja. Jéthro alizungusha funguo. Gari ikatoa sauti ndogo, tk, tk, kisha ikanyamaza. Majirani wakaja kusukuma. Walipofika hospitalini, saa ya Mama Kyabu ilikuwa imepita.

Jumatano gari iliwaka, lakini kwa shida. Ijumaa pia iliwaka. Jumatatu iliyofuata ikakataa tena.

"Batri imezeeka," Jéthro alisema. Akanunua batri mpya.

Jumatatu ya tatu, batri mpya nayo ilikuwa imekufa.

Siku hizo nyumba ilikuwa na mgeni. Ni Mzee Émile, mdogo wake Mama Kyabu. Alitoka Mulongo na samaki wakavu, akaja kukaa na dada yake mpaka apone. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kila Jumapili, ambayo kule huitwa Yenga, mchana watu wengine wakipumzika, aliingia ndani ya gari, akafunga mlango, akakaa nyuma peke yake karibu saa moja.

Jéthro alijua jambo hilo. Tena alijua kwamba radio ya gari lake inaimba hata bila funguo. Asubuhi ile ya Jumatatu, akiwa amelowa jasho kwa kusukuma, alimgeukia mjomba wake.

"Mjomba, weye njo unamaliza batri. Kila Yenga unaikala mu motokari, unasikiliza radio. Ona, mama anakosa tena mazoezi juu yako."

Mzee Émile alitikisa kichwa. Kisha akasema:

"Minyi sikugusa radio, mwipwa. Lakini kama niko naleta matata, nitarudia kwetu. Siku ya ine kuko camion ya kuenda Mulongo."

Akaingia ndani, akaanza kufunga mfuko wake kwa safari ya lori la Alhamisi. Mama Kyabu aliona yote kutoka kitini. Mchana huo hakugusa bukari yake, yaani ugali.

"Ulimuambia mjomba wako maneno ya namna gani?" alimuuliza mwanawe. "Uliona kwa macho yako?"

Jéthro alitoka nje, akarudi kwenye gari.

Béatrice hakupenda mambo yafikie hapo. Alikwenda nyumba ya nne, kwa Ndaya. Ndaya ni fundi wa umeme wa magari. Baba yake alifanya kazi ya umeme kwenye reli, naye akamfundisha binti yake tangu zamani. Mume wa Ndaya ni askari kule Base, kambi ya jeshi. Mbele ya nyumba yao kila siku kuna gari moja au mawili yaliyofunguliwa kapo, yaani mfuniko wa motere au injini.

Ndaya alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbele ya kushitaki muntu, tupime kwanza," alisema. "Mulete batri leo, nitaichaji. Kesho mangaribi, Papa Jéthro akitoka ku kazi, nitakuja kwenu."

Jumanne Ndaya alifika na mfuko wa vyombo. Akarudisha batri ndani ya gari. Akamwambia Jéthro azime taa na radio, atoe funguo, afunge milango yote. Kapo tu ikabaki wazi.

"Mama Ndaya, motokari imezimwa," Jéthro alisema. "Utapima nini?"

"Motokari ikilala, inakunywa umeme kidogo sana, kwa saa yake na vitu vidogo. Hiyo haina shida. Nataka kuona kama kuko kintu kingine chenye hakilale."

Alitoa kipimo cha umeme, chombo kidogo chenye nyaya mbili, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Akaweka waya mwekundu kwenye tundu la kipimo la ampere kumi. Akafungua waya wa gari kwenye upande hasi wa batri, ule wenye alama ya kutoa. Kisha akaweka kipimo katikati. Waya mmoja wa kipimo aliubana kwenye batri, na mwingine kwenye waya wa gari alioufungua. Umeme wote uliotoka ulipaswa kupita ndani ya kipimo.

"Sasa muntu asiweke funguo," alisema. "Ukijaribu kuwasha motere na kipimo iko hapa, itaungua. Na tungoje nusu saa. Motokari hailale mara moja."

Béatrice akaleta viti. Wakangoja. Mzee Émile alikaa mbali kidogo, karibu na mlango.

Nusu saa ilipopita, Ndaya aliwaita. Kipimo kilionyesha ampere 0,70.

"Inafaa iwe 0,05, ao chini yake," Ndaya alisema. "Hii iko mara kumi na ine. Papa Jéthro, radio imezimwa?"

"Imezimwa."

"Kuko muntu mu motokari?"

"Hapana."

"Na umeme iko natoka tu. Ni sawa bidon ya maji yenye tundu. Maji inatoka tone, tone. Siku mbili, inabakia kidogo, njo maana Jumatano inawaka. Lakini kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu, bidon inaisha. Batri mpya haisaidie kitu. Tundu iko palepale."

Jéthro aliangalia chini.

Kisha Ndaya alitafuta tundu lenyewe. Alifungua kisanduku cha fusible, vile vipande vidogo vya rangi vinavyolinda nyaya. Alitoa fusible moja, akaangalia kipimo, akairudisha. Akatoa nyingine.

"Namba ikianguka, tutajua ni njia gani inakunywa," alieleza.

Alizimaliza zote. Namba haikuanguka.

Ndaya alikaa juu ya kiti, akafikiri. Kisha akamgeukia mgeni.

"Baba Émile, weye unaikalaka mule saa mingi. Haukuonaka kitu?"

Mzee alisogeza kiti chake karibu.

"Sijue kama ni kitu. Nasikiaka joto ku miguu. Chini ya kiti ya mbele. Nilizania motokari zote ziko vile."

Ndaya alisimama. Akaingiza mkono chini ya kiti cha mbele. Palikuwa na kisanduku cha chuma, na kilikuwa na joto.

"Ni ampli," alisema. "Kikuza sauti cha radio. Nani aliiweka?"

"Fundi mmoja alipita hapa siku chache mbele ya shida kuanza," Jéthro alijibu. "Aliniwekea radio mpya."

Ndaya alifuata waya mwekundu wa ampli mpaka kwenye batri. Haukupita kwenye kisanduku cha fusible. Ulikuwa na fusible yake ndogo peke yake. Akaitoa. Kipimo kikaanguka mpaka 0,03.

"Njo hii. Yule fundi alifunga waya ya kuwasha ampli fasi yenye umeme haikatike. Ampli hailale hata siku moja. Nitaifunga fasi yenye inapata umeme tu wakati funguo imewashwa."

Akaanza kazi. Jéthro alimwendea mjomba wake.

"Mjomba, mule ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa nasali rozari," Mzee Émile alisema. "Kwa mguu ya yaya, dada yangu mukubwa. Hapa kwenu munasali namna ingine. Sikutaka kusumbua bantu."

Jéthro alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi polepole, kama watu wa kwao wanavyofanya mbele ya mkubwa.

"Nilikukosea, mjomba. Nilikushitaki bure. Na joto ya miguu yako njo imetusaidia. Nakuomba usiende."

Mzee alimshika mkono, akamsimamisha.

"Camion iko kila juma," alisema. "Nitabaki."

Ndaya alipomaliza, walingoja tena na kupima mara ya mwisho. Kipimo kilionyesha 0,04. Jioni hiyo Mama Kyabu alikula samaki na bukari pamoja nao.

Jumatatu gari iliwaka mara moja. Jumatatu iliyofuata pia. Tangu siku ile Jéthro hakubali fundi aongeze kitu ndani ya gari bila kupima umeme kabla na baada ya kazi. Pale ofisini aliwaeleza wenzake wawili ambao batri zao zilikuwa zinakufa, naye akawatuma kwa Ndaya.

Mama Kyabu hakukosa tena mazoezi hata siku moja. Goti lilianza kukunjika kidogo, kisha zaidi. Mwezi wa kumi, asubuhi moja, Ndaya alikuwa ameinama juu ya motere. Alisikia sauti ya fimbo njiani. Akainua kichwa.

Mama Kyabu alikuwa anakuja peke yake, hatua kwa hatua. Mdogo wake alimfuata nyuma na kikapu cha samaki, bila kumshika.

Alipofika, alipumua kwanza.

"Wafwako, Ndaya," alimshukuru kwa Kiluba. "Nilikataa banilete na motokari. Nilitaka kukuja kukushukuru na miguu yangu."