Ndoo ya Kisima cha Shirimatunda

Ndoo ilipofika juu, Yuditha aliinama anywe, akaruka nyuma. Maji yalinuka mafuta ya taa!

"Mungu wangu!" Navin, mwenye nyumba, alijishika kichwa. "Jana tu nimekunywa haya haya! Na cheti cha maabara ninacho, cha wiki iliyopita!"

Yuditha alikuwa muuguzi. Mwaka uliotangulia mwanawe alilazwa kwa homa ya matumbo, sababu maji ya mfereji wa wazi utokao mlimani. Akaapa kwamba nyumba atakayonunua lazima iwe na kisima safi. Hii ya Shirimatunda aliipenda kuanzia paa mpaka mlango wa jikoni. Sasa machozi yalimlengalenga.

"Siichukui, Bwana Navin."

"Dada, ngoja kwanza! Naita polisi!"

Basi, mwaka huo wa 1968, Inspekta Thadeus akatumwa kutoka mjini Moshi kupeleleza kisima. Wenzake kituoni walicheka mpaka wakashika mbavu. "Ukimkamata chura, usisahau pingu!" Wacheke tu. Thadeus alifika na Bwana Afya, wamepakizana kwenye pikipiki, na chupa mbili tupu.

Chupa ya kwanza waliijaza kwa ndoo. Ya pili Thadeus aliifunga kamba na jiwe, akaitumbukiza kisimani mwenyewe. Bwana Afya akanusa zote.

"Ya ndoo, mafuta matupu. Ya kamba, safi kabisa."

Thadeus aliipindua ndoo. Ndani, kwenye kitako, ilikuwa imepakwa mafuta ya taa kwa tambara.

"Nani anaingia humu?"

"Mimi na mke wangu Sulochana," alisema Navin. "Na jirani yetu, mama Epifania. Anachota hapa miaka kumi na tano. Hatujawahi kumfungia lango."

Epifania alikuwa uani kwake, anakoroga pipa la mbege, pombe ya ndizi na ulezi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Onja kidogo."

Thadeus akaonja. Lo, tamu hiyo! Akaonja tena, na tena. Upelelezi unataka uhakika.

"Uji wa ulezi umeupika lini?"

"Jana jioni."

"Kwa maji ya wapi?"

"Ya mfereji. Kisimani sijakanyaga wiki nzima."

Thadeus aliweka kata chini.

"Mfereji umefungwa tangu juzi, mama. Pembe ya kuita watu kazini ililia, wote wako huko juu wanazibua tope. Mimi mwenyewe baba mkwe amenisema kwa kutokwenda."

Mwiko ulisimama. Epifania alikaa juu ya kigoda.

"Ni mimi," alisema. "Nilipaka ndoo. Lakini kisimani sikumwaga hata tone, naapa! Nitaharibuje maji ya mbege yangu?"

"Kwa nini sasa?"

"Mwenye nyumba mpya ataweka kufuli. Nitapikia maji gani? Halafu nikafikiri, huyu dada akikimbia, Navin na Sulochana hawataondoka." Akafuta macho kwa upande wa kanga. "Nimewazoea, baba. Nimewazoea mno."

Navin, aliyekuwa amesimama nyuma na Yuditha, alijifanya ana kikohozi.

Epifania aliisugua ndoo kwa majivu na sabuni mara tatu. Akachota, akanywa kata nzima mbele yao wote.

"Miaka kumi na tano," alisema Yuditha, "tumbo halijawahi kukuuma?"

"Mimi? Hata siku moja!"

"Na wateja wako?"

"Wale huumwa kichwa tu."

Yuditha aliangua kicheko, akachota na yeye, akanywa mpaka maji yakamlowesha blauzi. "Kumbe ningeanza kukuuliza wewe, mama! Bwana Navin, nyumba naichukua."

Navin alitoa funguo mbili za lango. Yuditha akabaki na mmoja. Wa pili aliutia kiganjani mwa Epifania, akaufunga mkono wake.

Epifania alilivuta pindo la kanga. Akafunga ufunguo humo, mafundo mawili.

"Kata ya kwanza ya kila pipa ni yako, mwanangu," alisema.

"Na ya mpelelezi?" aliuliza Thadeus.

"Ameshakunywa tatu," alisema Bwana Afya. "Pikipiki naendesha mimi."