Taa Zilizosogea Dirishani

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo, kama mguu unaochomolewa kwenye tope. Chwop. Kisha kimya. Kisha, hatua chache kushoto, udongo ukashindiliwa taratibu, kama mtu anapanda mche na hataki kuamsha nyumba. Ilikuwa saa nane kasorobo usiku. Nilikuwa nimekaa kitandani namnyonyesha mwanangu wa miezi mitano, na jina lake sitaliandika humu, utajua kwa nini. Nikamsukuma mume wangu Ancil, nikamnong'oneza kuwa kuna mtu bustanini. Akasema ni mnyama, nilale, akageukia ukutani.

Asubuhi taa moja haikuwa mahali pake.

Ndiyo hivyo, Giselle binamu yangu. Uliniomba mchoro wa taa zetu za bustani, nami nimekaa naandika haya badala ya kukutumia mchoro. Soma mpaka mwisho usinikasirikie.

Taa zile nilizipanga mimi, kwa rula na penseli, nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Ancil ni fundi umeme, alikuwa amepata taa kumi na mbili za kuchomeka ardhini zilizobaki kwenye kazi ya hoteli, na tulitaka ua upendeze siku ya karamu ya ubatizo. Wageni wangeegesha magari kule chini, penye tambarare karibu na korongo, kwa hiyo nilichora njia kutoka mshelisheli mkubwa wa korongoni hadi barazani: taa moja chini ya mti imulike matawi kutoka chini, na kumi na moja fupi kando ya njia. Ancil alinifundisha kuwa taa ya njia isimpige mtu machoni, immulikie anapokanyaga tu, na mwanga uwe wa manjano, na usiingie chumba cha kulala. Jirani yetu Boysie alipoona bendera za karatasi tulizochomeka kuonyesha mahali pa kila taa, aliuliza kama uwanja wa ndege wa Piarco umehamia kwetu, na hiyo ndege ya kutua ni ya nani. Tulicheka sana siku ile.

Tanti Leocadia hakucheka. Ndiye shangazi aliyemlea Ancil, na nyumba ni yake. Alisema kule chini tupaache na giza lake, basi. Tukadhani anaogopa bili ya umeme.

Na ubatizo tukauahirisha, Giselle. Mara ya kwanza mvua ilibomoa mtaro wa waya. Mara ya pili kile kisanduku cha kupunguza umeme kiliungua. Padri huja bondeni kwetu Jumapili moja tu kwa mwezi, na mimi nilisema mwezi ujao, mtoto haendi popote, nataka watu waone bustani imekamilika. Ni mimi niliyesema. Ancil alisema sawa.

Jioni ya kujaribu taa, jua limeshazama, nilisimama barazani na mtoto mkononi, Tanti nyuma yangu anapukuchua mbaazi. Ancil aliunganisha taa moja moja kuanzia korongoni, na kila moja ilipowaka ilikuwa kama kuna kitu kinapanda kilima kuja kwetu, hatua kwa hatua, hadi ngazi za baraza. Nilifurahi nikajisahau. Nikamwinua mwanangu juu, nikaliita jina lake lote, la kwanza na la kati na la ukoo, kwa sauti ya kufika ng'ambo, nikasema, "Njoo uone taa zako."

Bakuli la mbaazi likaanguka. Tanti alikuwa amesimama.

"Umeita jina la mtoto ambaye hajabatizwa," alisema polepole. "Nje. Magharibi hii. Na ukasema njoo."

Wewe na mimi tumekua mjini lakini bibi alitufundisha yaleyale. Jina la mtoto halipigiwi kelele uani giza likiingia, kwa sababu maduweni wanasikiliza, wale watoto waliokufa bila maji ya ubatizo, wanaozunguka msituni, na jina wakishalipata humwita mtoto nalo awafuate. Nililijua hilo. Nililiona la kizamani tu.

Sasa ile taa iliyosogea usiku uleule. Ilikuwa ya juu kabisa, ya karibu na baraza. Ilikuwa imechomekwa upya hatua tatu kushoto, imesimama wima, udongo umeshindiliwa vizuri pembeni. Ancil akairudisha kwenye alama yake. Usiku wa pili, chwop, zikawa mbili. Akazifunga kwenye vigingi vya chuma kwa waya. Asubuhi vigingi vilikuwa palepale, waya umefunguliwa bila kukatwa, na taa tatu zimehama. Akamlaumu Boysie, Boysie akaapa kwa mama yake, wakanuniana. Asubuhi baada ya usiku wa tano nilichukua ile kalenda nikasimama uani, nikachora kwa kalamu nyekundu taa zilipo sasa, na mstari wangu ulikuwa umepinda. Taa sita za juu zilikuwa zimeacha baraza. Zilikuwa zinakwenda kwenye dirisha la chumba chetu, upande wa kitanda cha mtoto.

Siku hiyohiyo nikaona nyayo. Kwenye udongo laini, kati ya taa na taa, nyayo tupu za mtoto wa miaka miwili mitatu, na vidole vyote vimeelekea korongoni. Zilianzia chini ya dirisha letu na kuteremka. Unajua nilifanya nini? Nilishukuru Mungu. Nilimwambia Ancil kuwa chochote kilichokuwa hapa kimeondoka, tazama, kimeteremka. Ancil akanitania kuwa kimeondoka hata kuaga hakijaaga. Nililala usingizi wa ndani usiku ule, mara ya kwanza wiki nzima, na ndiyo aibu yangu kubwa.

Ijumaa Ancil alikwenda kusini kwa zamu ya usiku. Kabla sijalala nilizima taa zote za nje pale kwenye kisanduku cha ukuta wa jikoni, nikachomoa na waya wake, nikauweka juu ya meza ili niuone kwa macho.

Kilichoniamsha ni harufu, udongo uliofukuliwa na maziwa yaliyochacha, na pazia la dirisha lilikuwa la manjano kuanzia chini kwenda juu kwa sababu kulikuwa na taa inawaka chini yake kabisa, imegusa ukuta, na nilikuwa naujua ule waya kuwa uko juu ya meza, na nikasikia nje, chini sana, kwenye kimo cha goti la mtu mzima, sauti nyembamba inaimba maneno yangu kwa mwendo uleule niliotumia mimi, "Njoo uone taa zako, njoo uone taa zako," na kabla sijapata pumzi ya kupiga kelele nikasikia mwanangu anacheka kitandani kwake, lile cheko la kutekenywa, na macho yake hayakuwa dirishani kulikokuwa na sauti bali pembeni mwa kitanda chake, ndani, hapo hapo, kwenye nafasi tupu iliyokuwa baina yake na mimi.

Nilimnyakua. Tanti alikuwa ameshafika mlangoni na tochi, kikombe cha bati mkononi, na donge la blu ya kufulia. Alimchora mtoto alama ya blu kwenye unyayo, kinga ya wazee, kisha akamulika sakafu.

Palikuwa na nyayo ndogo za maji, kutoka dirishani mpaka kitandani kwa mtoto.

"Anatoka, Tanti," nilisema. "Tazama vidole, vinaelekea dirishani. Anatoka."

"Mwanangu, kisigino chake ndicho cha mbele," alisema. "Miguu yao imegeuzwa. Kila unyayo uliouona wiki hii ulikuwa wa kuja."

Nikakaa chini. Nikamkumbatia mtoto kifuani.

Tanti hakutafuta padri. Alisema mtu yeyote anaweza kumwaga maji wakati wa hatari, hata mwanamke, hata mwenye dhambi, na yeye alilijua hilo miaka arobaini na mitatu iliyopita na akanyamaza. Akanisimulia kwa kunong'ona, huku anajaza kikombe, macho hayaachi ile nafasi tupu kando ya kitanda. Alizaa akiwa na miaka kumi na saba, hajaolewa. Mto ulikuwa umefurika, padri hawezi kuvuka. Mama yake akamwambia asubiri, karamu ifanyike kwa heshima, watu wasiseme. Mtoto aliishi siku moja na nusu. Walimzika gizani, chini ya mshelisheli, bila jina na bila mshumaa, na tangu hapo Tanti hakuruhusu mwanga upande ule, aliogopa kumwonyesha njia.

"Nanyi mkamchorea," alisema. Hakunilaumu, alisema tu.

Akambatiza mwanangu pale sakafuni, kwa Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu, mara tatu, na maji yakadondoka kwenye beseni, ti, ti, ti, mtoto akalia kilio cha kawaida cha mtoto aliyelowa. Kisha Tanti akageukia ile nafasi tupu. Akainua kikombe.

"Na wewe, Florian," akasema, akimpa jina kwa mara ya kwanza. "Mama alichelewa."

Akamwaga.

Giselle, nilikuwa nimeshika beseni. Maji ya mara ya pili hayakufika chini. Yalitoka kwenye kikombe, nikayaona kwenye mwanga wa tochi, na yakaishia hewani kwenye kimo cha goti. Sakafu ilibaki kavu. Ile harufu ikalegea. Na nje taa zikaanza kuzimika moja moja, kuanzia dirishani, zikishuka kilima, hadi ile ya mshelisheli, ambayo ilikaa kidogo, kama mtu aliyegeuka kutazama nyuma, kisha nayo ikazima.

Jumapili iliyofuata padri alimwaga maji yake kanisani, na Tanti na mimi tulitazamana tu. Karamu tuliifanya mchana. Ancil alizing'oa taa zote akasema kuna hitilafu kwenye waya, Boysie akasema hata ndege zimeghairi kutua. Ancil hajui. Tanti aliniapisha usiku uleule, mkono juu ya kichwa cha mtoto, kuwa siri ya Florian itabaki kwetu wawili.

Nimevunja kiapo kwa ajili yako, kwa sababu una mimba ya miezi minane na unataka taa za njia mpaka barazani, na najua utasema ubatizo utangoja bustani. Usingoje. Na mchoro nimeuchoma. Unichukie ukitaka.

Jambo moja tu sijamwambia hata Tanti. Juzi mwanangu, sasa ana miezi tisa, amepiga hatua zake za kwanza. Wote wanasema amewahi sana. Alisimama akishika kiti, akacheka, akapiga hatua tatu kinyumenyume kuelekea dirishani, kisigino mbele, bila kugeuza shingo, kama mtu anayeijua njia. Watoto wengine huanza hivyo, nimesoma. Nimesoma mara nyingi.

Ukimaliza kusoma, choma. Si Ancil, si padri, si mama yangu: baada yako sitamwambia mtu mwingine yeyote.