Swali Lililoulizwa Kwenye Foleni

Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi. Mvua ilikuwa imekatika ghafla na jua lilikuwa limetoka kali, kiasi kwamba watu waliingia katika kliniki ya wanyama wakiwa wameshika miavuli iliyolowa huku wakijifuta jasho. Mabenchi yalikuwa yamejaa. Kuku wa mapambo alikuwa ndani ya kikapu, kasuku alikuwa akipiga mluzi, na mbwa mmoja mkubwa, ambaye hakuna aliyejua kwa hakika ni wa nani, alikuwa akimtazama kila mtu kana kwamba anamdai maelezo.

Daktari, mwanamke mwenye miwani, alipotoka chumbani, mbwa huyo alimrukia kwa furaha. Miwani yake ilianguka, na mkono mmoja wa miwani ukapinda. Mwanamume aliyekaa mwisho wa benchi, mwenye paka wa kijivu mapajani, aliiokota kabla yake. Alitoa bisibisi ndogo kama sindano mfukoni, akakaza hapa, akanyoosha pale, kisha akamvisha mwenyewe, polepole, bila kumgusa uso.

"Sasa unaniona sawasawa?" aliuliza.

"Nakuona," alijibu daktari, na hakujua kwa nini sauti yake ilitoka ndogo.

Mwanamume huyo alikuwa fundi miwani. Paka wake alikuwa na duara lisilo na manyoya nyuma ya sikio. Daktari alivaa glovu, akalimulika duara hilo kwa tochi, akasema ni choa, ugonjwa wa ngozi unaotoka kwa mnyama kwenda kwa mtu. Kisha, kama alivyozoea ili foleni isonge, alimuuliza palepale mbele ya watu, haraka, kama mwalimu anayeita mahudhurio: nyumbani kuna mtoto mchanga? Mjamzito? Mzee sana? Mtu anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili?

Mama mwenye kasuku alikuwa amekwisha kusogeza kiti chake nyuma. Macho yote yalikuwa kwa fundi.

"Hakuna," alisema. "Ni mimi na paka tu."

Huo ulikuwa uongo. Fundi alikuwa akiishi kwa figo aliyopewa na dada yake, na kila asubuhi na jioni alimeza vidonge vya kushusha kinga ili mwili wake usiikatae. Lakini daktari huyu alikuwa ametoka tu kumtazama kama mwanamume. Fundi hakutaka atazamwe tena kama mgonjwa, wala hakutaka aambiwe amtoe paka, aliyemlalia miguuni miezi yote aliyokuwa akisubiri kupona. Alipokea dawa ya kumpaka paka, akaondoka.

Jioni ileile alipiga simu.

"Dokta, paka anakusalimu."

"Mwambie salamu zimefika. Amekula?"

"Amekula. Mimi ndiye sijala."

"Wewe si mgonjwa wangu."

"Hilo ndilo linalonisikitisha."

Daktari alicheka. Kesho yake alipiga yeye, akisema anafuatilia hali ya sikio. Sikio lilifuatiliwa kwa bidii ambayo sikio lolote lingeona aibu. Baada ya muda hawakulitaja tena. Walitembea pamoja baada ya kazi, yeye akiwa na gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, fundi akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama. Siku moja kwenye benchi la bustani, fundi alizungusha mkono shingoni mwa daktari, naye akaegemea hapo mpaka taa za barabarani zikawaka.

Ndipo mambo yalipoanza kuchanganyika.

Fundi aligundua duara jekundu mkononi mwake, chini kidogo ya kiwiko. Alilipaka mafuta ya dukani. Likakua. Likazaa mengine. Alianza kuvaa mikono mirefu yenye vifungo mpaka kwenye vifundo vya mikono, katika joto lililolainisha lami. Daktari akimsogelea, yeye alisogea. Akimshika mkono, aliuchomoa kana kwamba amekumbuka kitu. Kwenye simu alikuwa asali. Ana kwa ana alikuwa nguzo ya umeme. Daktari alijiuliza kama ananuka dawa za mbwa. Alibadilisha sabuni. Hali haikubadilika.

Alhamisi moja alimpitia kazini. Fundi alikuwa anakata lenzi, mikono yote miwili imeshughulika, simu ikaita mezani. Aliibonyeza kwa kidole kidogo, na sauti ya mwanamke ikajaza chumba.

"Umemeza dawa, mpenzi? Na kile kitu changu kinaendeleaje? Nakuomba usiniharibie. Nilikupa kwa mapenzi, na sina kingine cha kukupa."

Fundi aliikata simu kwa kiganja kizima. Lenzi ilianguka.

"Ni nani huyo?" aliuliza daktari.

Neno "dada" lilifika mpaka kwenye meno. Lakini fundi aliona swali litakalofuata: alikupa nini? Akalimeza.

"Mtu wa nyumbani," alisema.

"Ulisema nyumbani ni wewe na paka."

Fundi aliinama kuokota lenzi. Daktari alichukua mkoba wake, akaondoka, akapotea njia mara mbili katika mtaa anaoujua tangu utotoni. Alikuwa na hasira, lakini hakujua amkasirikie nani. Simu za fundi ziliita mpaka zikachoka.

Jumamosi asubuhi, mhudumu wa mapokezi, mama mcheshi ambaye hakuna siri iliyompita, alimvuta daktari kwenye dirisha na kumtazama shingo.

"Mwanangu, hii ni alama ya busu au ni ugonjwa?"

Daktari alijitazama kwenye kioo. Duara, kingo zimeinuka, katikati pamepoa. Angelitambua hata gizani. Kazini huvaa glovu na koti lililofungwa mpaka kidevuni. Hakuna paka aliyewahi kufika hapo. Mkono mmoja tu ndio uliofika. Akakumbuka mikono mirefu kwenye joto. Mtu mwenye afya njema angepaka dawa na kupona. Kisha akakumbuka sauti ile ya simu, si maneno ya mapenzi bali yale ya kwanza kabisa: umemeza dawa?

Alimkuta fundi kazini kwake, peke yake. Akafunga mlango, akavuta pazia.

"Niliwahi kukuuliza swali mbele ya watu," alisema. "Nilikosea. Sasa nakuuliza upya, lakini kwanza nikwambie kwa nini nauliza."

Akamweleza bila haraka. Choa kwa watu wengi ni muwasho tu. Kwa mtu ambaye kinga yake imeshushwa, husambaa na hukawia kupona, na dawa ya kunywa haichaguliwi ovyo, kwa sababu inaweza kugongana na dawa nyingine. Anayejua mapema hujilinda: mtu mwingine humpaka paka dawa, matandiko hufuliwa, mikono huoshwa.

"Na jibu lako, liwe lolote, halimfukuzi paka," alimaliza. "Unatumia dawa za kushusha kinga?"

Fundi alifungua kifungo kimoja, kisha kingine, akakunja shati.

"Nina figo ya dada yangu."

Daktari alikaa kwenye kiti cha wateja. Wivu ulimtoka na hofu ikaingia kwa mlango uleule, akashindwa kujua acheke au alie.

"Yule wa kwenye simu?"

"Ndiye. Huuliza habari za figo yake kabla ya kuuliza zangu."

"Ungenificha mpaka lini?"

"Mpaka unizoee. Nilidhani utamchukua paka, au utaniacha, au yote mawili. Kila nikiwaza nilichanganyikiwa zaidi."

"Na mimi nilibadilisha sabuni bure." Akafunua kola yake. "Tazama. Wanaume wengine humvisha mtu pete kidoleni. Wewe umenivisha shingoni."

Fundi alisogea karibu kuitazama.

"Hiyo ikipona, utakubali nikuletee ya kidoleni?"

"Kwanza hospitali," alisema daktari. "Leo."

Fundi hakujua kama hiyo ni ndiyo au hapana. Alichukua kofia yake.

Yaliyofuata ni haya. Daktari wa figo alimgombeza fundi, akampa dawa isiyogongana na zile zake, na mkono ukapona taratibu. Dada yake alimpigia daktari wa wanyama simu, akamwita wifi kabla hajaruhusiwa. Paka alihamia kliniki mpaka manyoya yakaota, akanenepa kwa vyakula vya mhudumu wa mapokezi, akarudi nyumbani kwa manung'uniko. Daktari aliacha kuuliza maswali yake kwenye foleni. Humwingiza kila mtu chumbani, hufunga mlango, hueleza kwanza, na foleni hulalamika. Siku shingo yake ilipokuwa safi, alimpigia fundi, akasema neno moja, "Ndiyo," akakata.

Fundi alibaki ameshika simu, hana hakika kama ameota. Akapiga tena. Akajibiwa lilelile.