Ndoo Haikuingia Chini ya Bomba

Fundi cherehani alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Mtaani alipendwa. Nguo zake zilimkaa mtu vizuri, kwa sababu hakukata kitambaa kabla ya kumpima mteja.

Siku ya kufungua bomba jipya, watu walijaa. Mama mzazi wa fundi alisimama mbele kabisa na ndoo yake, uso umemng'aa. Akaisukuma ndoo chini ya bomba. Haikuingia. Bomba lilikuwa chini mno. Akaiinamisha. Maji yakafika nusu, yakaanza kumwagika.

"Imetosha, mwanangu," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Imetosha wapi!" alidakia mwanamke mmoja muuza mboga. "Hilo si bomba la kunawia miguu?"

Watu wakaangua kicheko. Fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Kilichomuuma zaidi ni mama yake, aliyeondoka na nusu ndoo bila kumtazama mtu.

Nyumbani hakugusa chakula.

"Kwa nini hamkutuambia?" alimuuliza mke wake.

"Tuwaambie lini, baba watoto? Mikutano mliita jioni, sisi tuko jikoni. Kamati nzima wanaume. Nani kati yenu anachota maji? Mteja humkatii nguo bila kumpima. Sisi ulitupima lini?"

Fundi akainamisha kichwa. Aibu ilimrudia upya.

Asubuhi alimwendea afisa maendeleo ya jamii.

"Nimeharibu, dada."

"Si peke yako, kaka. Mimi nilihudhuria mikutano yenu. Niliona wanaume watupu, nikanyamaza. Naona haya hata kukutazama." Akavuta pumzi. "Mradi ni wa wanaoutumia. Waulizwe kabla ya kujenga. Waitwe saa wanayoweza kuja. Na wakae kwenye kamati, wasiitwe kupiga makofi tu."

Mkutano ukaitwa palepale bombani, saa waliyochagua wanawake. Fundi aliomba radhi. Kisha akatoa utepe wake wa kupimia nguo, akapima ndoo na madumu yao. Muuza mboga, sasa mjumbe wa kamati, alidai na kijukwaa cha kuwekea ndoo, ili mtu ajitwike bila msaada. Wanaume hawakuwahi kuliwaza hilo.

Bomba likainuliwa, kijukwaa kikajengwa. Mama akarudi na ndoo yake. Ikajaa pomoni. Fundi akakimbilia kumtwika.

"Niache," mama alisema, akicheka. Akaiweka kijukwaani, akainama kidogo, akajitwika mwenyewe. "Wewe nenda kashone."